Injini Ambayo Fundi Christina Hakuifunga

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ikola, mlioko Mamba na nyie wa hapa Mpanda mjini, leo tukae pamoja kwa ajili ya mtu mmoja. Fundi Christina Machibya wa Kawajense hatunaye tena. Presha ilimchukua wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mbili. Tumemzika Mamba, kando ya mama yake.

Wazazi wake walihamia Mamba na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alikuwa na trekta kuukuu. Likigoma, Christina ndiye aliyeingia chini yake. Mdogo wake, Lucia, anasema dada alikuwa anakuja kula na mikono myeusi, anakaripiwa, kesho anarudi kulekule.

Trekta lile ndilo lililomfundisha kemshafti. Kemshafti, wasikilizaji, ni chuma kirefu chenye vinundu. Kikizunguka, vinundu vinafungua valvu; hewa inaingia, moshi unatoka. Kwenye trekta lile kilikaa chini, ubavuni mwa injini, na fito za chuma zilipeleka msukumo juu hadi kwenye valvu. Magari yaliyofuata yalikiweka juu kabisa, kinazungushwa na mkanda au cheni. Ya siku hizi mengi yana kemshafti mbili juu: moja ya valvu za kuingiza hewa, nyingine ya valvu za kutoa moshi. Hapo ndipo penye hatari. Zote mbili lazima zipatane na mwendo wa pistoni. Ukikosea meno machache tu ya cheni, valvu inabaki imeshuka wakati pistoni inapanda. Zinagongana.

Hayo yote Christina alimfundisha Leonidas, aliyefika gereji ambako Christina alikuwa fundi, akijua kubadilisha matairi tu. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, wakila sahani moja. Watoto wa Leonidas walimwita Christina shangazi.

Mwaka 2019, mama Josefina, muuza dagaa wa Ikola, alileta kigari chake cha mizigo. Kilikuwa na kemshafti mbili juu. Christina akaifungua injini. Kabla hajairudishia, simu ikaja kutoka Mamba: mama yake amezidiwa. Akamwambia Leonidas asiifunge cheni, amsubiri. Akaondoka. Mama akafariki siku ya pili.

Leonidas hakusubiri. Siku ya maziko ya mama huyo aliifunga cheni mwenyewe, akawasha. Injini iligonga mara moja, ikanyamaza. Valvu nane zilipinda.

Mama Josefina alipouliza, Leonidas alisema Christina ndiye aliyeifunga, kwa haraka ya kuwahi Mamba.

Narudia, wasikilizaji. Christina hakuifunga injini ile. Siku hiyo alikuwa Mamba, anamzika mama yake.

Aliporudi, akamkuta mama Josefina gerejini na watu wamejaa. Akasema si yeye. Kisha akamgeukia Leonidas.

"Waambie."

Leonidas akaendelea kufuta spana.

Mji ulimwamini Leonidas. Wateja wakabaki na Leonidas. Hata mimi ninayeongea nanyi, Christina alinitengenezea gari miaka saba, lakini baada ya hapo nilipeleka kwa Leonidas. Sikumuuliza neno. Christina akahama gereji, akafanyia kazi uani kwake: matrekta ya zamani na mashine za kukoboa mpunga. Magari mapya hakuletewa tena.

"Dada hakulilia wateja," anasema Lucia. "Alikuwa ananiuliza, yule nimemfundisha kushika spana, kwa nini asiseme tu?"

Miaka sita iliisha hivyo.

Siku ya mazishi, Leonidas aliomba kusema. Akasimama, akasema injini ile aliifunga yeye, na kwamba aliogopa. Mama Josefina, aliyekuwa amefika kutoka Ikola, akajifunika uso kwa khanga.

Lucia ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Kaka Leonidas, kutoka kwako hadi kwa dada ni nyumba nne. Ulikuwa unapita pale kila siku. Leo ndiyo unatuambia sisi?"

Leonidas akakaa. Hakuna aliyempa mkono.

Lucia, na ukoo wote wa mzee Machibya, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na mimi naomba radhi kwenu, ingawa najua niliyepaswa kumwomba hanisikii.

Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu unajua alisingiziwa, nawe ukanyamaza, na bado yuko hai, usisubiri nimalize. Zima redio, umfuate.