Zonunsangi, Aliyetaka Kuwepo

Marehemu Zonunsangi, ambaye wengi wetu tulimwita Sangi, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1974 mjini Champhai, Mizoram, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Thangkhuma na mama Darliani. Mama yake alisema alijifunza kutembea mapema kwa sababu kutambaa kulimchelewesha.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa Champhai, kisha chuo mjini Aizawl, alikohitimu mwaka 1997. Hakuweza kusoma akiwa ameketi. Alizunguka uani na kitabu mkononi, na majirani walijua mtihani umekaribia wakiona nyasi zimelala.

Tarehe 11 Januari 1999, akiwa na miaka ishirini na minne, alitumwa na kanisa kwenda Kambodia, katika kijiji cha Prey Kduoch, mkoa wa Kampong Thom. Alitunzwa na mchele wetu: ile konzi ambayo kila mama hapa huitenga kwa ajili ya Bwana kila anapopika, nalo kanisa huiuza. Sangi alilijua hilo, na halikumpa utulivu. Alitaka jambo moja tu, naye hakulificha: kuwepo siku ambayo mtu wa kwanza pale kijijini angeamini.

Asubuhi aliketi na watoto wa darasa la kwanza kujifunza herufi za Kikhmer, magoti yakigonga dawati. Kisha alipanda baiskeli kwenda nyumba kwa nyumba. Kule watu husalimiana kwa kuulizana, "Umekula wali?" Ni salamu tu. Sangi, aliyelelewa asiseme uongo, akawa anajibu kweli: "Bado." Wakamlisha. Nyumba ya pili, bado, wakamlisha tena. Mwezi wa pili jirani yake, bibi Sokhom, alimshika mkono akamuuliza, "Mjukuu wangu, kwenu walikufukuza?"

Alipoeleweshwa aliona aibu, akaanza kujibu, "Nimekula." Ziara zake zikafa. Watu walimjibu kwa adabu wakiwa mlangoni, hakuna aliyemkaribisha kuketi. Baada ya wiki tatu alipata dawa: akaacha kula asubuhi, ili "bado" yake iwe kweli. Tangu hapo alikula kwa watu na kuzungumza kwa watu, na samaki wao waliochachushwa, waliomtoa machozi mwanzoni, akawa anaomba aongezewe.

Februari 2001 Mchungaji Liankima alitumwa kumkagua. Alimuuliza uani kwa bibi Sokhom:

"Waamini wangapi?"

"Hakuna, Mchungaji."

"Miaka miwili, hakuna hata mmoja?"

"Wapo wanaosikiliza."

"Wanakusikiliza au wanakulisha?"

"Vyote viwili."

Bibi Sokhom, ambaye hakuelewa maneno ila sauti aliielewa, akaingilia kati. "Mzee, umekula?"

"Mwambie nimekula, nashukuru."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Sangi alitafsiri neno kwa neno, bila kulainisha. Mchungaji akavua viatu, akala. Lakini alimwambia Sangi wazi kwamba Halmashauri ya kanisa isingeendelea hivyo. Sangi aliomba miaka miwili zaidi. "Nataka niwepo," alisema. Alipewa mmoja.

Mwaka ulipita. Tarehe 2 Machi 2002 alifunga mizigo bila kumbatiza mtu. Bibi Sokhom alikasirika: "Unaondokaje, na mimi sijamaliza kufikiri?"

Alirudi akasimama mbele ya mkutano wa kanisa, akatoa taarifa yake kwa neno moja: "Hakuna." Kisha akaketi. Wapo kati yetu leo waliokuwepo.

Tarehe 17 Oktoba 2003 alifunga ndoa na Lalrokima, seremala, mtu mpole anayeweza kupiga randa ubao mmoja siku nzima. Walijaliwa watoto wawili. Alifundisha katika shule tatu, akahama nyumba nne, na mara tatu aliomba kutumwa tena, akakataliwa. Julai 2008 barua ilifika: bibi Sokhom na majirani kumi na mmoja walikuwa wamebatizwa na mchungaji kutoka mjini. Sangi alilia siku nzima.

"Si ndilo uliloomba?" mumewe alimuuliza.

"Niliomba iwe nikiwepo! Wameanza bila mimi, Rokima."

"Sasa ungependa wakusubiri?"

"Ndiyo," alijibu, na wiki nzima hakumsemesha.

Kuanzia mwaka uliofuata alifundisha watoto wa shule ya Jumapili. Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Aizawl. Hata wodini alitembea na dripu yake hadi wauguzi wakamwomba awaonee huruma. Februari mwaka huu alirudishwa nyumbani, akamkabidhi darasa lake Biaki, msichana wa hapa kanisani. Jumapili ya kwanza, kanisa likiwa hatua chache juu ya nyumba yake, aliwasikia watoto wakiimba wimbo aliowafundisha, ubeti wa pili wakiuharakisha vibaya. Aliweka miguu chini. Rokima akamletea kandambili, maana alimjua. Sangi alisikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha miguu kitandani.

"Waache," alisema. "Wamefika."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Ameacha mume, Lalrokima. Watoto wawili, Remruata na Hlimpuii. Kaka wawili, dada watatu, na sisi wapwa zake kumi na wanne. Ameacha pia waumini wa Prey Kduoch, ambao asingeturuhusu kuwaita wake.

Ee Mungu, mpe pumziko ambalo hapa duniani hakulitaka, na umfundishe polepole kulipenda. Amina.