Nafasi ya Tarakimu Mbili: Kumuaga Marlene Uselding

Marlene Uselding anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2019, baada ya kuitumikia Ofisi ya Kumbukumbu ya Kaunti kwa miaka arobaini na moja kasoro siku tano. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miaka arobaini na moja. Aliirudisha ikiwa na kalamu nyekundu: aliajiriwa Jumatatu, tarehe 5 Juni 1978, na hakutaka kusifiwa kwa siku ambazo hakuzifanyia kazi.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa wa vyeti vya kuzaliwa. Mafuriko ya mwaka 1986 yalipoingia chumba cha chini, alibeba madaftari ya vifo kwa sinia za mkahawa, ngazi baada ya ngazi, na hakuna hata moja lililoloa. Mwaka 1994 akawa naibu msajili. Kompyuta zilipokuja, alijifunza kabla ya sisi wote, lakini kadi zake za faharasa alizoandika kwa mkono hakuzitupa. Mara tatu tulimdhihaki kwa ajili ya kadi hizo, na mara tatu mtambo ulipozima tukaenda kumpigia magoti.

Wengi watamkumbuka kwa miaka kumi hii ya mwisho. Huku kwetu, kando ya Ziwa Michigan, nusu ya majina ya barabarani ni ya wakulima waliotoka Luxemburg, na nchi ile ilikuwa imetunga sheria ya kuwarudishia uraia wajukuu wa waliohama, bila kuwanyang'anya uraia wa Marekani. Sharti lilikuwa fupi: uonyeshe kwamba mhenga wako alikuwa hai, na bado raia wa kule, tarehe 1 Januari 1900. Akiwa amefariki siku moja kabla, basi, mlango umefungwa. Maombi nayo yalitakiwa yawasilishwe kabla ya mwaka 2018 kwisha.

Kwa hiyo watu walikuja dirishani kwa Marlene. Walikuja na Biblia za familia, na picha za harusi, na mmoja alikuja na soseji ya damu akidhani itaharakisha mambo. Alipokea kila mtu kwa bakuli lake la pipi za mnanaa na swali lilelile: "Alikufa lini, na nani ameandika?" Familia mia sita na kumi na mbili zilipata karatasi zao mikononi mwake.

Clarence Thill, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye miaka sabini na tisa, alifika Jumatatu ya tarehe 3 Desemba 2018. Zilibaki wiki nne. Mama yake alimlea kwa lugha ya Luxemburg mpaka alipoanza shule, na haja yake ilikuwa moja: jina lake liandikwe kule kabla hajafa, pamoja na majina ya watoto na wajukuu wake, jumla watu kumi na tisa. Mhenga wao, Nikolaus Thill, hakuwahi kumaliza taratibu za uraia wa Marekani, kwa hiyo upande huo haukuwa na shida. Shida ilikuwa jiwe lake la kaburi. Lilisema 1899.

"Binti, si uandike 1900 tu?" Clarence alisema. "Mwaka mmoja! Ng'ombe wangu wenyewe nawakosea zaidi ya hapo."

Marlene alimsogezea bakuli. "Chukua pipi, Clarence, nami nitasahau umesema hivyo."

Jioni hiyo, akitoka kazini, alipitia makaburini. Aliipangusa theluji kwenye jiwe na kulipapasa kwa kidole. Lilikuwa jiwe la watu wawili, Nikolaus na mkewe Susanna, aliyefariki 1891. Tarakimu 18 kwenye mwaka wa Nikolaus zilikuwa zimechimbwa kwa kina, sawa na maandishi ya mkewe. Zile 99 zilikuwa nyembamba, za mkono mwingine.

Mtu mwingine angeona uzee wa jiwe tu. Marlene aliona jiwe la wazazi wake. Baba yake alipofariki mwaka 1983, mama aliagiza jiwe la wote wawili na, kama ilivyo desturi ya watu wetu wasiopenda kumwita fundi mara mbili, upande wake uchongwe 19 na kuachiwa nafasi ya tarakimu mbili. Kisha mama akaishi hadi 2003. Ikabidi fundi azibe na kuchonga upya, na kiraka kile kinaonekana hadi leo.

Asubuhi alimpigia Clarence simu. "Nadhani babu yako aliishi kupita jiwe lake. Lakini usifurahi bado. Kule hawataki jiwe, wanataka karatasi."

Karatasi haikuwa mahali ilipotarajiwa. Ndugu watatu wa Thill walikuwa wameshatafuta kabla yake, wote katika daftari la 1899, kwa kuwa ndivyo jiwe lilivyosema. Yeye alifungua la 1900, kata ya kina Thill. Hamna. Akawaza: mjane, mzee, majira ya baridi, atakaa na nani? Alimtafuta binti yake Margaretha kwenye kadi zile tulizozidhihaki, akakuta aliolewa kata ya tatu upande wa magharibi. Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, katika daftari la kata hiyo, akampata: Nikolaus Thill, mkulima, mzaliwa wa Luxemburg, amefariki tarehe 17 Februari 1900, nyumbani kwa binti yake.

Clarence alikuja na kofia mkononi, akasoma mstari ule mara tatu. Kisha akapaza sauti. "Wabahili hawa! Wameona jiwe limeshaandikwa 18, wakasema wiki saba si kitu, wakamuua mzee mapema!" Alicheka hadi akakaa chini, na Marlene akampa leso badala ya pipi.

Faili lilifika Luxemburg tarehe 27 Desemba. Jibu lilikuja Aprili: wamekubaliwa. Mwezi Septemba Clarence na wenzake kumi na mmoja watapanda ndege kwenda kutia saini, na wengine watafuata.

Marlene hatakuwa na sahihi ya kutia. Mhenga wake, Peter Weyker, alifariki Oktoba 1898. Ofisini tulimtania, "Papasa na lile jiwe lenu, labda nawe utapata bahati." Alijibu bila kuinua kichwa: "Nimeshapapasa. Nimepitia na madaftari yote, kata zote. Amekufa kweli." Kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni. Aliwafungulia mia sita na kumi na mbili mlango ambao yeye hawezi kuupita, na hatukumwona hata siku moja akiufungua kwa shingo upande.

Mwaka jana yeye na mumewe Gordon waliagiza jiwe lao. Fundi alimshauri achongewe 20 kabisa, nafuu ni nafuu. Alikataa. Upande wake una mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi ya tarakimu zote nne.

Marlene, asante kwa kila mstari uliousoma mara ya pili. Samaki wa Ijumaa wapo tayari, karata zinakungoja, na safari hii hakuna atakayekuita urudi dirishani. Tunakuombea miaka mingi na myepesi, na fundi yule astaafu naye, azeeke, asahau kabisa patasi yake alikoiweka, kabla hajaitwa kuja kuijaza ile nafasi.