Mwalimu Kibao na Tenisi ya Uwanja wa Vumbi

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mliofika kutusindikiza: marehemu aliacha agizo moja kuhusu wasifu huu, nalo ni kwamba usipakwe asali. "Mkisema nilikuwa mpole nisiye na makuu," alimwambia mumewe, "nitakaa kitako humohumo sandukuni niwasahihishe." Basi familia imekubaliana kusema kweli tangu mwanzo. Marehemu alikuwa na wivu. Alikuwa nao tangu utotoni, akaufuga, akaulisha, na ukamfikisha mahali.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972, kifunguamimba wa nyumba ya watoto wawili. Baba yao alikuwa mtunza viwanja wa klabu ya tenisi. Kazi yake ilikuwa kumwagilia udongo, kuusawazisha, na kuchora mistari kwa chokaa. Mama yao alikuwa muuguzi wa zahanati. Novemba 1974 akazaliwa mdogo wake, ambaye nyumbani hadi leo tunamwita Kitinda. Jirani aliyekuja kumwona mtoto alimuuliza marehemu kama amefurahi kupata mdogo. Akajibu: "Kwao ni wapi?"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1992. Lakini somo lililomkaa moyoni alilipata nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo pale klabuni, ambako palikuwa na ukuta mrefu usio na madirisha. Mwanachama mmoja alikuwa ametupa raketi yenye nyuzi zilizokatika. Baba yao aliiokota, akaifunga nyuzi za kuvulia samaki. Raketi moja, wasichana wawili. Marehemu alijifunza kwa kuwatazama wakubwa kupitia uzio, na alichojifunza akamfundisha Kitinda, kwa sababu ukuta haukuwa na akili ya kumsumbua vya kutosha.

Desemba 1988 walikuja wageni wa mradi wa kimataifa wa kukuza tenisi katika nchi zinazoendelea. Walitafuta msichana mmoja wa kupelekwa kwenye kituo cha mafunzo ng'ambo. Siku hiyo marehemu aliwafunga wote waliosimama mbele yake, Kitinda akiwemo. Mgeni mmoja mwenye kofia nyeupe akaja kumpa mkono.

"Hongera sana, binti. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Yule bwana akavua kofia, akaikunjakunja. Mradi ulitaka mtoto asiyezidi miaka kumi na minne. Akaenda Kitinda. Marehemu alimbebea mdogo wake begi hadi uwanja wa ndege, akamkumbatia, akamwambia asisahau kusukuma bega anapoanzisha mpira. Aliporudi nyumbani hakula siku hiyo. "Umri ndio ulionifunga," alizoea kusema, hata ukubwani, "mtu hakunifunga."

Alianza kazi ya ualimu mwaka 1994 katika shule ya msingi yenye uwanja wa vumbi na mti usio na majani. Miaka miwili baadaye aliolewa na fundi seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya darasa la tatu. Fundi husema kwamba alimpenda mwalimu alipomwona akigombana na dawati. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Kitinda alirudi mwaka 1997 akiwa kocha mwenye cheti, suruali nyeupe na lafudhi ya kigeni, ambayo kwa taarifa ya marehemu ilidumu wiki mbili. Mradi uleule ulimpa raketi mpya, naye akafungua darasa la watoto pale klabuni. Marehemu alikwenda kuchungulia kupitia uzio uleule wa utotoni. Akarudi hadi karakana ya mumewe akiwa amefura kama chura.

"Ana watoto kumi na wawili," alisema. "Kumi na wawili! Wengine wameletwa na dereva. Shuleni kwangu nina mia saba."

"Sasa unataka nini, mama watoto?"

"Nichongee vibao."

Fundi akachonga vibao vya mkono, vya kupigia mpira badala ya raketi, kutoka kwenye mabaki ya mbao. Neti ilikuwa magunia yaliyounganishwa kwa sindano ya kushonea viatu, na mistari ilichorwa kwa majivu. Mwezi haukuisha kabla uwanja haujajaa. Watoto wakambatiza Mwalimu Kibao, jina ambalo wageni walilisikia vibaya na kudhani anachapa.

Miongoni mwa watoto hao baadaye aliingia binti wa fundi cherehani, aliyetumia mkono wa kushoto na aliyeitwa Mashoto. Marehemu alimnoa kwa miaka minne. Mwaka 2003, Mashoto akiwa na miaka kumi na miwili, Kitinda alikuja shuleni, akasimama kando ya uwanja, akatazama.

"Dada, huyu amekwisha kupita vibao," alisema mwishowe. "Nipe nikamfundishe na raketi."

"Wewe kila kizuri changu lazima kiwe chako?"

"Si kwa ajili yangu."

"Hata mara ile haikuwa kwa ajili yako. Ukaenda."

Aliyekata shauri ni mama yake Mashoto, ambaye alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. "Walimu wangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini mwanangu si kamba, mmoja avute huku na mwingine kule. Ataenda kwenye raketi."

Kwa mwaka na zaidi marehemu hakumsemesha mdogo wake. Walipokutana kwa mama yao, chumvi iliombwa kupitia kwa watoto. Lakini hakukosa mechi hata moja ya Mashoto. Alikaa upande wa jua, peke yake, chini ya mwavuli, akinung'unika kila mtoto alipokosea, na kununa zaidi alipopatia.

Januari 2005 wageni wa mradi walikuja tena kuchagua, na Mashoto akashinda. Wakamuuliza Kitinda mbele ya watu ni nani aliyemfundisha huyu mtoto. Marehemu alikuwa nyuma ya uzio, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Raketi nilimpa mimi," alijibu Kitinda. "Mkono alipewa na dada yangu. Yule pale mwenye mwavuli. Hata mimi, yeye ndiye aliyenifundisha."

Marehemu alirudi nyumbani na hasira nyingi kuliko alizoondoka nazo. Fundi alipomuuliza kulikoni, alisema: "Ameninyang'anya hata sababu ya kumkasirikia."

Mradi ulitaka mwalimu mmoja wa shule aende kusoma namna ya kufundisha watoto wengi kwa pamoja, katika kituo kilekile. Kitinda akamtaja yeye. Akaenda, kwa shingo upande, na huko akaonyeshwa bweni la wasichana. Mama mmoja mfua nguo, mtu mzima aliyekuwa pale tangu zamani, alipomtazama usoni alijua ni ndugu.

"Yule mdogo wako alinilowanishia mashuka kwa machozi," alimwambia. "Alikuwa akisema wamekosea. Mchezaji amebaki nyumbani."

Aliporudi, alikwenda kwa Kitinda moja kwa moja na mizigo yake.

"Kumbe ulikuwa unalia."

"Nani kakwambia?"

"Mfua nguo."

"Mwongo yule."

Wakacheka mpaka wakalia, kisha wakalia kweli. Tangu hapo walifanya kazi pamoja. Raketi ziliingia shuleni, vibao vikapelekwa shule nyingine zisizo na kitu, na walimu wa mitaa ya mbali wakaja kujifunza uwanjani kwa marehemu. Msidhani wivu uliisha. Waligawana mji, Kitinda mashariki na marehemu magharibi, na kila mmoja alituma watu kupeleleza shule za mwenzake. Shule ya mashariki ikipata neti, magharibi haikulala. Leo watoto wanacheza tenisi katika shule thelathini na moja. Mradi ulisifu ushirikiano wa akina dada hawa. Sisi wa nyumbani tulitazamana tu.

Alianza kuugua mwishoni mwa mwaka 2022. Madaktari waligundua kansa ya kongosho, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika. Kitinda alihamia nyumbani kwake kumuuguza. Siku moja akiwa anamsuka nywele, marehemu alimwambia: "Nasikia uwanja wa shule yako ya bondeni umemwagiwa saruji."

"Ndiyo, dada."

"Roho inaniuma."

"Na mimi inaniuma. Watoto wakiona gari langu, wanauliza wewe uko wapi."

Marehemu akaomba arudie maneno hayo. Kitinda akayarudia.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na mdogo wake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mama mzazi, na mdogo wake. Ameacha pia Mashoto, ambaye sasa ni kocha na amesafiri mbali kuwa nasi leo, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote. Tunawashukuru wote waliomhudumia katika ugonjwa wake.

Mungu ampokee, na ampe kupumzika kwa amani ambayo maishani hakuwa na subira nayo.