Mahindi Bado Yamesimama

Mkwe: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama: Ni mimi, mama yako wa huku. Nimeazima simu ya jirani, sasa —

Mkwe: Nani? Ngoja nizime cherehani… Haya, sema.

Mama: Mama yake marehemu mumeo!

Mkwe: Ala! Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mkwe wangu. Mume wangu mdogo hajambo?

Mkwe: Mjukuu wako hajambo, anacheza nje. Huko kwema?

Mama: Tunapumua. [mtandao unakwaruza] Nasema hivi, kesho ni ibada ya shukrani ya mavuno.

Mkwe: Ah, tayari? Mwaka umekimbia.

Mama: Mchungaji anaita familia moja moja. Mnakwenda madhabahuni na mlichovuna. Nikawaza, ukipanda basi la jioni hii, wewe na mtoto —

Mkwe: Leo? Mama, nina sare za kwaya hapa, hata mikono sijatia. Wenyewe wanazitaka asubuhi.

Mama: Aa, nao wana shukrani.

Mkwe: Nao pia. Mavuno yamekuwaje lakini?

Mama: Yamekubali. Tangu niolewe sijaona mahindi kama yale. Kila bua limebeba mawili. Mchungaji mwenyewe alisimamisha baiskeli barabarani akavua kofia.

Mkwe: Mungu ni mwema.

Mama: Kila wakati.

Mkwe: Yametoka magunia mangapi?

Mama: Yapo.

Mkwe: Yapo ghalani?

Mama: Yapo tu.

Mkwe: Mama. Yapo wapi?

Mama: Shambani.

Mkwe: Mpaka leo! Si wenzako wamevuna zamani?

Mama: Wamevuna.

Mkwe: Na mvua hizo ninazozisikia?

Mama: Hazikatiki. Mengine yameanza kuota humo humo kwenye magunzi.

Mkwe: Jamani, mama! Utakula nini? Si ungeita watu, hata wanakwaya —

Mama: Walikuja na mapanga yao. Niliwarudisha walipofika uani.

Mkwe: Kwa nini lakini?

Mama: Mistari ile mumeo aliipima kwa kamba, unakumbuka? Ulimcheka. Palizi ya kwanza alipalilia yeye, ya pili tukapalilia sisi tumetoka kumzika. Kila nikifungua mlango naiona kazi ya mwanangu imesimama. Nikishaikata, nifungue mlango nione nini?

Mkwe: [anavuta pumzi] Mama…

Mama: Peke yangu mkono hauendi. Nimejaribu. Lakini tukiwa wawili, wewe unakata, mimi nabeba, walau kikapu kimoja tungekipeleka mbele —

Mkwe: Nyumba ile siwezi kulala tena. Samahani.

Mama: Basi niletee mtoto tu. Siku mbili.

Mkwe: Ana shule.

Mama: Shule ipi?

Mkwe: Ameanza huku. Ile ya… gari lao linamfuata mlangoni.

Mama: Kwa cherehani hiyo hiyo?

Mkwe: [kimya]

Mama: Haloo? Umekatika?

Mkwe: Nipo, mama.

Mama: Haya. Nimesikia. Damu yako bado changa, sikulaumu. Na mtoto anamwitaje huyo bwana —

Mkwe: Usiniulize, mama. Nakuomba.

Mama: Siulizi.

[mtandao unakwaruza]

Mkwe: Kesho nenda kanisani. Usibaki peke yako nyumbani.

Mama: Nitakwenda. Nitakaa viti vya nyuma. Wakiimba, nitaimba.

Mkwe: Na wakiita familia yetu?

Mama: Familia ipi, mwanangu?

Mkwe: [analia kidogo] Na shamba je?

Mama: Kuna mfugaji wa ng'ambo ya mto. Mara mbili ameniomba aingize ng'ombe wake. Nikamwambia asubiri, nikupigie wewe kwanza.

Mkwe: Usimruhusu! Mama, chakula chote kile —

Mama: Nitamwambia aje kesho, watu tukiwa ibadani. Sitaki kuona.

Mkwe: Nipe wiki moja, nitatafuta njia —

Mama: Salio la watu linakwisha, mwenyewe amenisimamia hapa. Msalimie mtoto.

Mkwe: Subiri! Ma—

Mama: Kwaheri, mwanangu… Haya, jirani, shika simu yako. Ahsante.