Verna Kemppainen Anateremka Ngazi Baada ya Majira Thelathini na Matatu ya Barafu

Kosa la wengi ni kuilaumu baridi. Wanaona barafu nene imejipanga kwenye ukingo wa paa, wanatikisa vichwa, wanasema mwaka huu baridi imezidi, kisha wanachukua shoka. Verna Kemppainen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Ushirika wetu wa Mapaa wa Otter Hollow, na miaka yote hiyo amekuwa akiwaeleza watu jambo lile lile: baridi haina hatia. Mkosaji yumo ndani ya nyumba.

Nieleze kidogo, wanaojua wanivumilie. Joto likipenya darini huyeyusha theluji iliyo juu ya paa. Maji huteremka chini ya theluji hadi ukingoni, ambako hakuna joto, na hapo huganda. Siku chache baadaye pana boma la barafu. Maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma, hupenya chini ya vigae na kumdondokea mwenye nyumba kwenye kahawa yake. Kwa hiyo kuvunja boma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza joto limetoka wapi.

Verna mwenyewe hakuzaliwa akijua haya. Wiki yake ya kwanza alipanda juu ya baraza ya mchungaji na shoka, akaipiga barafu kwa moyo wote, na pigo la tatu likapita barafu, vigae na mbao. Mchungaji alikuwa amekaa chini yake akiandika mahubiri, akaona ncha ya shoka inamchungulia.

"Dada," aliita kwa upole, "ni kweli niliomba mwanga, lakini nilidhani utashuka kwa utaratibu."

Tangu siku hiyo Verna hakushika shoka tena. Alihamia kwenye mashine ya mvuke, ambayo hukata barafu vipande vipande kama sabuni ya mche bila kukwaruza kigae. Mashine ile hupiga mluzi, hulalamika na haikubali kuharakishwa, ndiyo maana aliibatiza Shangazi. Juu ya boila ya Shangazi ndipo tulipopashia pasti zetu, mikate iliyojazwa nyama na viazi, na asiyemwamkia Shangazi kwanza alikula ya baridi. Verna ameanguka kutoka paani mara kumi na moja, zote kwenye theluji laini, na ni mara moja tu alipopoteza kiatu. Kilipatikana Aprili.

Lakini kumsimulia Verna bila nyumba ya Mzee Onni Ruona ni kuimba ubeti mmoja ukakaa chini. Miaka tisa iliyopita mzee huyo, mgane wa miaka sabini na tisa, alikuwa akiishi peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Majira matatu mfululizo tulivunja boma lake la barafu Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata limerudi, nono kuliko la kwanza. Tuliongeza sufi ya kuhami joto darini. Halikujali. Dari la chumba cha kulala lilianza kulegea juu ya kitanda, na mwanawe, Dale, akatoa uamuzi: likidondosha maji tena, Baba anahamia fleti mjini kabla ya Pasaka. Mzee hakubishana. Aliacha tu kupasua kuni za mwaka unaofuata.

Kila tulipomaliza kazi alitualika: "Jumamosi njooni muoge sauna, mmechoka." Nasi tulijibu, asante, siku nyingine. Huku kwetu kukataa sauna ya mtu, chumba chake cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ni jirani na kukataa salamu yake, lakini Februari kila fundi ana haraka.

Jumamosi moja kazi zilikuwa zimelundikana, na Verna alikuwa juu ya paa la mzee tangu asubuhi, akifagia theluji yote hadi kileleni. Mchana Mzee Onni akatokea uani, uso mwekundu, taulo begani.

"Binti, mimi nimeshaoga. Mawe bado yana moto. Shuka, zamu yako."

"Kazi haijaisha, Mzee."

"Barafu haikimbii. Imenizoea hiyo, itakusubiri nusu saa."

Verna akashuka. Akiwa peke yake humo, alimwaga maji kwenye mawe, akajilaza kwenye benchi la juu na kutazama dari. Akaona matundu mawili. Moja lilipitisha dohani ya jiko. La pili lilikuwa na kifuniko cha mbao kilichoachwa wazi, na mvuke ulikuwa ukipanda humo kwa furaha kama wageni wa harusi. Sasa, paa lile alikuwa amelifagia lote kwa mkono wake, na juu alikutana na bomba moja tu. Chini mawili, juu moja.

Alitoka mbio hadi uani na taulo na mabuti, mwili mzima ukifuka, akiliangalia paa na kupiga kelele: "Moja! Moja tu!" Wakati huo huo gari la Dale likaingia, fomu ya fleti ikiwa mkononi mwake.

"Baba, kuna mama mwenye taulo uani."

"Namwona. Mwache dada wa watu, angalia paa."

"Mzee Onni!" aliita Verna. "Tundu la mvuke linatokea wapi?"

"Darini."

"Darini?"

"Sasa ulitaka nitoboe paa zima? Tundu la dohani lilinitosha. Paa likitobolewa si litavuja?"

Verna alicheka mpaka akakaa kwenye theluji, jambo ambalo kwa mwenye taulo halidumu.

Mzee alikuwa ameihamishia sauna ndani ya nyumba miguu ya marehemu mkewe, Elma, ilipodhoofika. Majira matatu ya mwisho kile kifuniko kilivimba, hakikufunga tena. Basi kila Jumamosi alililisha dari mvuke wa moto, Jumapili theluji ikayeyuka, Jumatatu sisi tukafika na Shangazi.

"Kwa hiyo nyumba si mbovu?" Dale aliuliza.

"Nyumba ni nzima kabisa. Mjenzi ndiye mbishi."

"Nimesikia," alisema Mzee.

Jumatatu Verna alipitisha bomba la mvuke hadi nje ya paa. Jumanne Mzee Onni alianza kupasua kuni. Fomu Dale aliitumia kuwashia jiko. Mwezi Mei tulibadilisha mbao zilizooza, sufi iliyolowa na dari lote la chumba. Majira yaliyofuata paa lilikaa jeupe, laini, ukingo mkavu, na mzee yumo humo humo hadi leo, ana miaka themanini na minane na bado ni mbishi.

Tangu hapo Verna ameyapata matundu ya namna hiyo katika nyumba ishirini na sita, zote za watu waangalifu wanaochukia kutoboa paa. Na hakuna fundi wetu anayekataa tena sauna ya mteja, tunaiita ukaguzi.

Verna, asante kwa kila dari uliloliokoa. Magoti yako yapumzike, kahawa yako isiingiwe na tone la maji, na theluji uitazame kutoka dirishani kama watu wengine.

Nawe unayesoma, leo, kabla hujawasha jiko la sauna, hesabu matundu ya dari lake, kisha toka nje uhesabu ya paa.