Nambari Inayoanza na Tisa

NOHEMI: Haloo? Nani mwenzangu?

EVELIO: Mimi, baba yako. Nimeazima simu ya Chepe, yangu imeishiwa salio.

NOHEMI: Shikamoo baba. Mbona unanong'ona?

EVELIO: Marahaba, mama. Niko ofisini kwa mkandarasi. [mikwaruzo] Ile zahanati mpya ya Pasadena... vigae vyote wananipa mimi. Sakafu, mabafu, mpaka jikoni.

NOHEMI: Wee! Baba! Hongera sa—

EVELIO: Subiri, hawajanipa bado. Kuna fomu. Mafundi wa kujitegemea wote tuandike nambari ya kodi, leo, kabla karani wao, Bi Rhonda, hajaenda kula.

NOHEMI: Si unayo?

EVELIO: Ninayo ile ya sisi tusio na makaratasi ya kuishi Marekani.

NOHEMI: Basi iandike hiyo.

EVELIO: Inaanza na tisa, Nohemi. Karani yeyote wa Houston akiona tisa pale mwanzo, keshanijua.

NOHEMI: Na ile ya biashara? Si ulisema utaomba?

EVELIO: Mtandao umenikataa. Wanataka nitume faksi, halafu nikae ningoje. Kazi inaanza kesho.

EVELIO: Uko?

NOHEMI: Niko.

EVELIO: Nilikuwa nafikiri... yako. Wewe umezaliwa hapa. Mafundi wenzangu wanafanya hivyo: Chepe anatumia ya binti yake, mzee Tulio ya mkwewe. Kila kundi lina mtu wake wa nambari, si kitu cha aja—

NOHEMI: Baba, ofisi ya chuo waliniita Jumanne.

EVELIO: Ofisi gani? Sauti inakatika.

NOHEMI: Inakatika au hutaki kusikia? Ofisi ya msaada wa karo. Wananiuliza mbona naomba msaada, na rekodi za kodi zinaonyesha mwaka jana niliweka vigae vya hoteli nzima. Mimi, baba! Mimi niliyekuvunjia vigae kwa kuvishusha tu garini.

EVELIO: Ukasemaje?

NOHEMI: Mama mmoja pale akacheka, eti nina mikono laini sana kwa fundi. Nikacheka naye. Ningefanyaje? Nilijua saa ileile kwamba ni wewe.

EVELIO: Nilitaka nikwambie baada ya Krismasi.

NOHEMI: Krismasi imepita. Pasaka nayo imepita.

EVELIO: Wamekunyima?

NOHEMI: Wamesimamisha. Wanataka maelezo.

EVELIO: Si uwaeleze?

NOHEMI: Nikieleza, lazima niseme ni nani aliyeweka vile vigae.

[simu inakwaruza]

EVELIO: Asubuhi nzima nimesali garini kwa ajili ya kazi hii. Nimemwomba Mungu kila kitu. Wewe sikukutaja.

NOHEMI: Unanitaja kila siku.

EVELIO: Leo sikukutaja.

NOHEMI: Sikiliza, baba. [anashusha sauti] Andika yangu.

EVELIO: Unasema nini?

NOHEMI: Andika tu. Chuo kitanisubiri mwaka mmoja. Wewe watu wa uhamiaji wakikuchukua, mama na sukari yake ile, nani atampele—

EVELIO: Hapana.

NOHEMI: Una kalamu? Sita, tatu—

EVELIO: Nyamaza! Hutaji nambari yako kwenye simu ya watu.

NOHEMI: Basi toka hapo. Sema umesahau kitu garini, uondoke zako.

EVELIO: Anakuja.

NOHEMI: Baba—

EVELIO: Ngoja. [mbali kidogo] Ndiyo, Bi Rhonda. Tayari. Hii hapa.

NOHEMI: Umeandika ipi? Baba! Ipi?

EVELIO: Yangu.

NOHEMI: Yesu wangu.

EVELIO: Anasoma.

NOHEMI: Uko karibu na mlango?

EVELIO: Nimesimama tu. Bado anasoma.

NOHEMI: Uso wake ukoje?

EVELIO: Wa mtu mwenye njaa. Amenitazama.

NOHEMI: Ee Bwana, ee Bwana, mfunike baba ya—

EVELIO: Sali kimoyomoyo, atakusikia! [mikwaruzo] Ndiyo, bibi... Ndiyo... Hapana, sikujua. Samahani... Nimeelewa.

NOHEMI: Amesemaje? Baba, amesemaje?

EVELIO: Gari langu linavuja oili. Kesho niliegeshe nyuma, si pale mlangoni.

NOHEMI: Kesho?

EVELIO: Kesho.

NOHEMI: [anacheka, au analia] Kesho!

EVELIO: Nohemi, hao wa msaada wa karo wanafunga saa ngapi leo?

NOHEMI: Saa kumi na moja. Kwa nini?

EVELIO: Nisubiri kwenye geti la chuo.

NOHEMI: Baba, hapana. Huwezi kuingia mle ukaanza kuwa—

EVELIO: Wametaka maelezo, si ndiyo? Fundi mwenyewe nipo.

NOHEMI: Tuongee kwanza na mama. Na mchungaji. Baba, tafadhali, wakikukamata nyumba—

EVELIO: Chepe anataka simu yake. Umekula?

NOHEMI: Baba!

EVELIO: Kula kitu. Ninakuja na—

[Simu imekatika.]