Hakuna Chai Kabla ya Kifungu cha Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bwana Valéry Ndikuriyo, karani wa Idara ya Uhusiano wa Kimataifa hapa chuoni, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wenzangu wamenichagua mimi, Mama Houda wa chai, nimwandikie. Nilisema apana, maprofesa wapo. Wakasema maprofesa wataandika kurasa kumi na hakuna atakayezisoma. Basi nimekubali, kwa furaha inayonifanya nimwage maziwa tangu asubuhi.

Bwana Valéry alianza kama mlinzi wa lango. Miaka ile ilikuwa migumu mjini, na kuna mwaka idara ilibaki na wanafunzi kumi na mmoja tu. Yeye aligonga kengele saa mbili kamili vilevile, kana kwamba wapo mia tatu. Alipopewa ofisi hakupoteza faili hata moja. Mpaka leo ukimtajia mwanafunzi wa zamani, atakuambia mwaka wake, kiti chake na nchi aliyoiwakilisha.

Wageni wetu wajue: kila Mei wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufanya mkutano wa kuigiza. Kila mmoja anachota jina la nchi katika kofia ya kahawia ya Bwana Valéry, kisha anaitetea siku nzima kama amezaliwa huko. Mwaka mmoja balozi wa kweli alikuja kutazama, akajikalia kwenye kiti cha Tanzania. Bwana Valéry alimwinua kwa heshima zote, kwa sababu mjumbe wa Tanzania, binti wa miaka ishirini, alikuwa amesimama.

Masharti ya mkutano ni ya maprofesa, ila moja ni la Bwana Valéry mwenyewe: termo za chai hazifunguliwi mpaka wajumbe wakubaliane kifungu cha kwanza cha azimio lao, hata kiwe kidogo namna gani.

Sasa niseme na langu. Houda, binti yangu, alipochagua masomo haya miaka mitatu iliyopita, niliogopa sana. Sisi ni watu wa mtaa wa Buyenzi, baba yake ni fundi wa magari. Nilijiambia mambo ya ubalozi ni ya watoto wa Kiriri, kule kwa matajiri, wangu atamaliza halafu akae nyumbani. Muuguzi, hata siku mbaya zikija, anatafutwa. Nikajaza fomu ya kumhamishia Uuguzi bila yeye kujua, nikampelekea Bwana Valéry.

Hakunigombeza. Aliisoma polepole, akaiweka kwenye droo. "Mama Houda," akasema, "anayesoma ni yeye, na saini ni yake. Fomu itakaa hapa. Ngoja mkutano wa Mei. Ukitoka pale ukiwa bado unataka, nitamwita yeye mwenyewe aje kusaini."

Mei ikafika, na mada ilikuwa uvuvi katika ziwa letu, tunalogawana na nchi nyingine. Houda alichota Zambia. Ingrid, msichana wa Kiriri, alichota Kongo. Saa saba mchana walikuwa hawajakubaliana chochote. Nikamwona mtoto wangu midomo imekauka, moyo ukanishinda. Nikafungua termo, nikaanza kumimina. Loo! Wajumbe wote wakainuka na vikombe, wengine mpaka uani, mkutano ukavunjika. Bwana Valéry akapita akavikusanya vikombe vikiwa vimejaa, akanirudishia. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Walipokaa tena, Ingrid akacheka: "We Houda, mama yako ametuvunjia mkutano! Buyenzi munajua nini ya diplomasi?"

Houda akasimama. "Dada, kwetu nyumba sita ziko na robine moja ya maji. Mi nimeanza diplomasi kabla ya kuota meno. Kwanza tunakubaliana saa ya kufunga robine, wote pamoja. Ndoo tunazigombania nyuma ya hapo."

Akapendekeza nchi zote zifunge ziwa, asivue mtu, siku zilezile, na habari ya nyavu ingoje. Ingrid akaandika kitu, akafuta, kisha akauliza, "Siku ngapi?"

Kifungu cha kwanza kilipita saa saba na nusu. Bwana Valéry akanigeukia mbele ya watu wote: "Mama Houda, sasa mimina." Nilimimina nikilia, nusu kikombeni, nusu sahanini. Habari ya fomu sikuiuliza tena.

Jumatatu Houda anaenda Mpulungu, Zambia yenyewe, kwa staji ya miezi sita, ajifunze kazi katika ofisi ya uvuvi! Nimemuuliza Bwana Valéry mara tatu kama maji ya huko yanafaa kunywa, na mara tatu amenijibu kama ni ya kwanza. Jana, akimaliza kutoa vitu vyake kwenye droo, alinikabidhi ile fomu, haijakunjwa hata pembe. Nyuma yake ilikuwa nyeupe. Hapo nyuma ndipo nilipoandika maneno haya.

Asante, Bwana Valéry, kwa kengele, kwa mafaili, na kwa droo ile. Nenda nyumbani Musaga kwa mama watoto, ukae kwa afya na raha, na Mungu akuongezee siku. Ukipita chuoni, chai yako itakuwa tayari, na hatutakudai kifungu chochote.